Kutoka Likasi mpaka zoo ya Lubumbashi: ile makuta ya tiketi inafaa?

Mi niko mutu wa Likasi, na shee batu ya Likasi tuko na tabia moja, kitu kikiwa Lubumbashi tunauliza kwanza bei halafu njo tunauliza kama ni kizuri. Sasa vakansi hii batoto balianza, papa zoo, papa zoo, asubuhi na magaribi, juu jirani yetu alipeleka bake na bakarudi na mafoto ya simba mu telefone. Bibi yangu akasema ile makuta inaweza kununua viatu vya masomo. Na kweli inaweza. Likasi mpaka Lubumbashi ni kama kilometa 120, muko bakubwa wawili na batoto batatu na kila mutu iko na tumbo yake.

Basi tukaenda. Tulipanda gari mapema kabla jua haijakuwa kali. Barabara ni lami nzuri ila haiko yako peke yako, ni ya malori ya kopa na kobalti inatoka Kolwezi inashuka kwenda Kasumbalesa na Zambia, ukikwama nyuma ya moja utaisoma namba yake mpaka uishike kwa kichwa. Wa kati alianza kuhesabu malori akalala. Mi nilikuwa nahesabu yangu: gari ya kuenda, gari ya kurudi, teksi ya mjini, bukari ya saa sita, sukre, maji, na ile "papa uninunulie" yenye haina bei. Kufika Lubumbashi nilishaona tiketi njo kitu kidogo kabisa kwa hesabu yote. Batu bengi banagombana na bei ya mulangoni, kumbe njia ilishakula makuta zamani.

Tulifikia kwa tantine yangu Kamalondo. Alivyosikia zoo akacheka sana.

"Weye unalipa juu ya kuona kima? Enda porini utaona bure."

"Pori gani, tantine? Kwetu kila kilima iko na bulldozer juu."

Sikumudharau, ni mama yangu mudogo, lakini ile ya bure yeye anasema haiko. Parke ya Upemba iko, kweli, ya tangu 1939, na ile pundamilia ya mwisho ya Kongo yote iko kule. Sasa tafuta jeep, tafuta mafuta, tafuta siku za kulala njiani na batoto batatu, kisha urudi uniambie ni bure. Zoo ni mu mji, unashuka teksi unaingia.

Tuliingia asubuhi na nasema hivi juu ni jambo la makuta: simba inaweza kulala au kupumzika mpaka saa 20 kwa siku. Ukifika saa nane ya mchana na jua, umelipa juu ya kuona mugongo. Yetu iliinuka, ikapiga miayo, ikageuka. Basi, ni ile tu, lakini wa kwanza wangu alishika mukono yangu na nguvu na huyu ni kijana mwenye anasema haogopi kitu. Mi pale nikaanza hesabu ingine: simba mukubwa anakula kama kilo 5 mpaka 7 za nyama kwa siku. Mu nyumba yangu kilo moja tunaipanga na matembele na inalisha batu batano. Nikaangalia batu benye balikuwa baliingia asubuhi ile, nikajiuliza ni tiketi ngapi zinamaliza chakula ya ule mmoja, kisha nikaacha kulalamika. Mamba njo munyama wa bei nafuu. Anachukua joto yake kwa jua, kwa hiyo chakula kidogo inamutosha muda murefu, analala vile mdomo wazi, wa kati akasema ni sanamu mpaka jicho likafunga.

Yule mudogo, wa mugongoni, hakuona simba wala mamba. Aliona mujusi mu ukuta, akapiga kelele ya furaha, na ile mijusi kwetu Likasi iko mingi.

Pale penye bibi yangu alinyamaza ni kwa masokomutu. Pale pale upande kuna ile makao inaitwa J.A.C.K., Franck na Roxane Chantereau ndio balianzisha mu 2006, juu ya kulea batoto ya sokomutu benye serikali inanyanganya kwa bachuuzi. Mutoto wa sokomutu hauzwi bila kuua mama yake, juu anamushika kwa tumbo na haachii. Halafu ukishamuokoa unamulisha kwa miaka 50 hivi, ni kama kuoa. Mu septemba 2022 batu baliingia usiku, bakaiba badogo batatu, bakaomba makuta ndio babarudishe. Niliwaeleza batoto, wa kwanza akauliza, "Papa, batabaficha wapi? Bakilia si Kamalondo yote itaamuka?" Sikuwa na jibu. Bibi yangu alibaki pale kuliko penye simba, yeye mwenyewe wa viatu.

Sasa mi naonaje. Kama uko Lubumbashi tayari, ingia, usiulize sana. Kama unatoka Likasi ao Kolwezi juu ya zoo tu, ngojea mutoto afike kama miaka mine ao mitano, chini ya pale unabeba mutu mwenye anaangalia mijusi. Unganisha na safari ingine, kusalimia familia, soko, dawa, vile gari isihesabiwe kwa zoo peke yake. Na mukule mbele ya kutoka nyumbani, bukari yenye kushiba, juu pale nje batoto bakiona mikate ya moto hapana mutu atakumbuka tena mambo ya tiketi.