Jumatatu ndiyo inayobeba wiki: maisha ya mmisionari kijana nchini Ghana

Kijana wa Nairobi au Mwanza akifungua wito wake wa umisionari na kukuta ameitwa kutumikia Ghana, watu wa nyumbani humuuliza atafundisha nini na atarudi lini. La kurudi lina jibu: wavulana hutumikia miaka 2, wasichana miezi 18. La kufundisha limo ndani ya masomo atakayopewa. Ni nadra mtu kumuuliza atafuaje mashati meupe manane kwa ndoo mbili za maji, wala atakula nini tarehe 27 pesa ya mwezi ikiisha. Wengi wanaokata tamaa katika miezi mitatu ya kwanza hawashindwi na mafundisho. Hushindwa na chakula, nguo, usingizi na mtu wa kitanda cha pili. Kwa hiyo nitaandika zaidi kuhusu hayo.

Ninaowazungumzia hapa ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale wanaotembea wawili wawili wakiwa na kibandiko cheusi cha jina kifuani. Kituo chao cha mafunzo kwa Ghana kiko Tema, mashariki ya Accra. Asiyejifunza lugha mpya hukaa hapo muda mfupi tu, kisha hupelekwa eneo lake. Humo hufundishwa namna ya kufundisha. Mambo ya nyumba utajifunza ukishafika.

Ratiba ya kawaida iko hivi: kuamka saa 12:30 asubuhi, mazoezi ya mwili nusu saa, kuoga, kifungua kinywa, kujisomea peke yako, kusoma na mwenzako, kupanga siku, kisha kutoka. Saa 3:00 usiku muwe mmerudi, na saa 4:30 taa zizimwe. Rais wa misheni, yaani kiongozi wa wamisionari wote wa eneo lile, anaweza kuisogeza kidogo kulingana na mahali. Hizo nimeziandika kwa saa za Kiswahili. Ghana wanahesabu kwa Kiingereza tu, kwa hiyo anayekwambia "saba" anamaanisha saa moja yetu. Kosa hili huharibu miadi mingi ya wageni kutoka Afrika Mashariki, maana kichwa kinageuza saa bila kukuuliza. Andika miadi yote kwa tarakimu kama simu inavyoonyesha, 07:00 au 19:00, na usiitafsiri kichwani.

Sasa Jumatatu. Hiyo ndiyo siku ya maandalizi katika misheni nyingi: kufua, kupiga pasi, kununua chakula, kusafisha nyumba, kunyoa nywele, kuandika na kupiga simu nyumbani. Jioni kazi ya kufundisha inarudi. Saa ni chache, na anayezianza kwa kulala kidogo zaidi atavaa shati lenye kola chafu Alhamisi. Mpangilio unaofaa ni maji kwanza, nguo pili, soko tatu, simu nne. Maji yanatangulia kwa sababu bomba linaweza kukauka katikati ya kufua. Jaza ndoo na madumu Jumapili usiku, hata kama tangi la juu ya nyumba linaonekana limejaa.

Mashati 8 yanatosha: sita ya siku za kazi na mawili ya akiba. Chukua ya mikono mifupi, yenye pamba nyingi kuliko poliesta. Poliesta tupu haipitishi hewa na hushika harufu ya jasho hata baada ya kufuliwa. Usiku wa Jumapili au alfajiri ya Jumatatu, loweka mashati peke yake kwa nusu saa katika maji yenye sabuni ya unga. Kola na kwapa zipakwe sabuni ya mche kwanza, zikiwa zimelowa, kisha zisuguliwe kwa brashi laini. Brashi ngumu hutoa nyuzi kwenye kola, na baada ya miezi minne kola hiyo huwa na manyoya ambayo pasi haiwezi kuyalaza. Suuza mara mbili. Ukitaka bluu, iyeyushe kabisa kwenye maji ya mwisho kabla ya kutia shati. Chembe isiyoyeyuka huacha madoa ya buluu mgongoni.

Jiki ndiyo inayoua mashati mengi kuliko kitu kingine. Kijana anaona njano ya kwapa, anamwaga jiki, na njano inazidi. Klorini ikikutana na mabaki ya jasho na nyuzi za poliesta hugeuza rangi, haing'arishi. Njano ya kwapa hutoka kwa kulowekwa muda mrefu na sabuni, na kwa kutoacha shati la jasho likae limekunjwa wiki nzima. Likivuliwa usiku, litundikwe likauke hata kama litafuliwa siku tano baadaye.

Kuanika nako kuna mambo yake. Kati ya Desemba na Februari huvuma harmattan, upepo mkavu wa kutoka Sahara unaobeba vumbi laini sana. Nguo hukauka haraka, lakini vumbi hushika kwenye kitambaa kibichi na kuacha wekundu. Kamua vizuri, anika mapema, anua mara tu inapokauka. Midomo na visigino navyo hupasuka msimu huo, kwa hiyo mafuta ya shea yanayouzwa sokoni yana kazi. Msimu wa mvua tatizo linageuka: nguo hazikauki, zinanuka ukungu.

Halafu kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi iliyoanikwa nje, hasa kivulini au chini. Funza wake hupenya ngozini na kutoa jipu lenye tundu katikati. Dawa yake ni pasi ya moto, ndani na nje, ukikazia mishono, mikanda ya nguo za ndani, soksi, shuka na taulo. Watu hupiga pasi shati na suruali kwa sababu zinaonekana, wanaacha nguo za ndani, na majipu hutokea kiunoni. Umeme ukikatika, jambo ambalo Waghana wamelipa jina la dumsor, pasi ya mkaa bado ipo kwa majirani wengi. Isipopatikana, anika ndani ya chumba chenye wavu dirishani.

Viatu viwe jozi mbili, vivaliwe kwa kupokezana siku moja moja. Ngozi inahitaji siku nzima kutoa jasho. Ukivaa jozi moja kila siku, bitana huoza kabla soli haijaisha. Mafundi viatu wa Ghana hupita mitaani wakigonga kisanduku chao cha mbao, utawasikia kabla hujawaona. Waombe washone soli kwa uzi, wasigundishe tu. Gundi peke yake huachia kwenye lami ya moto.

Pesa ya matumizi huingia kwa mwezi, na hesabu inayowaponza wengi ni kugawa kwa nne. Mwezi una wiki nne na siku mbili tatu, na njaa hukaa kwenye hizo siku. Gawa kwa tano: mafungu manne makubwa na moja dogo la mwisho wa mwezi, lisiloguswa. Nauli itengwe siku ileile, maana trotro, zile daladala au matatu za Ghana, hula pesa kidogo kidogo bila kuonekana.

Sokoni mchele, kunde na gari (chakula cha muhogo) hupimwa kwa kopo kubwa liitwalo olonka. Mkenya ataitambua mara moja kwa sababu ni jamaa wa gorogoro. Angalia kilima kinachobaki juu ya kopo, ndicho kinachotofautisha wauzaji, na angalia kama kitako cha kopo hakijabonyezwa ndani. Kwa vijana wawili wanaotembea siku nzima, wiki moja inahitaji kama kilo 3 za mchele, kilo na nusu ya kunde, kilo 2 za gari, trei ya mayai 30, mafuta lita moja, nyanya, vitunguu, pilipili, ndizi za kupika na samaki wa siku mbili tatu. Gari ni unga wa chengachenga wa muhogo uliochachushwa na kukaangwa. Hauhitaji moto: maji baridi, sukari kidogo, njugu, na umekula. Weka akiba yake kila wakati kwa usiku mnaorudi hakuna umeme wala gesi.

Loweka kunde Jumapili usiku, zichemshe Jumatatu wakati mnafua, zigawe kwenye vyombo vya siku tatu. Bila friji inayofanya kazi, kilichopikwa kichemshwe upya kila usiku. Wali uliolala usiku kucha mezani usiliwe hata ukipashwa moto sana: bakteria huacha sumu isiyokufa kwa joto, na kuharisha kwa mmisionari mmoja huwafunga wawili ndani, kwa kuwa hawaruhusiwi kuachana.

Ugali utaukumbuka. Kenkey na banku vinafanana nao kwa macho lakini unga wake umechachushwa, una ukakasi, na mara ya kwanza mtu hudhani umeharibika. Anza na banku pamoja na samaki wa kuchoma na mchuzi mweusi wa pilipili uitwao shito. Ukitaka kilicho karibu zaidi na ugali wa nyumbani, ulizia tuo zaafi kwa watu wa kaskazini. Chai ya majani hutakunywa, kahawa vilevile, kwa amri ya Kanisa; mchaichai unaruhusiwa, na Ghana kakao ni nyingi. Mwenyeji akikukaribisha kinywaji usichokunywa, omba maji mapema, kabla hajakimimina. Kukataa kilichokwisha kumiminwa kunaumiza.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ni mfungo, bila chakula wala maji, kwa milo miwili. Unaofungwa vibaya huleta kizunguzungu njiani. Kula chakula cha kutosha Jumamosi jioni, kunywa maji polepole usiku ule badala ya kubugia lita mbili kwa mkupuo, na usipange safari ndefu ya miguu mchana wa Jumapili hiyo. Siku nyingine, lita 3 kwa kichwa si nyingi. Maji ya pakiti za nusu lita yanauzwa kila kona. Kagua mshono wa pakiti, inayovuja iache.

Kuhusu mwenzi. Mnakaa pamoja saa 24, chumba kimoja, vitanda viwili, na kila wiki 6 huja taarifa za uhamisho zinazoweza kuwatenganisha au kuwaacha. Hamkuchaguana. Mara nyingi ugomvi huanzia kwenye sufuria: nani ameacha masizi, nani amemaliza mayai. Andikeni zamu ukutani siku ya kwanza, kabla hamjapendana wala kuchukiana, na changeni pesa ya chakula mfuko mmoja. Kikao cha kila wiki cha kuambiana ukweli kisirukwe hata kama wiki imekwenda vizuri. Asemaye kwanza ataje kosa lake mwenyewe. Mwenzi aliyenyamaza siku tatu, asiyekula wala kulala, huyo hahitaji mahubiri. Mpigieni rais wa misheni siku hiyohiyo. Homa nayo vivyo hivyo: chandarua kila usiku, na kipimo cha malaria siku ya kwanza ya homa, si ya tatu.

Mtaani, Mwafrika Mashariki ana ugumu ambao mmisionari kutoka Utah, Marekani, hana. Mzungu huitwa obroni na kusamehewa kila kitu. Wewe sura yako ni ya nyumbani, utasemeshwa Kitwi moja kwa moja, na ukinyamaza utaonekana unajivuna. Jifunze salamu kabla ya kufika: maakye asubuhi, maaha mchana, maadwo jioni, medaase kwa shukrani. Accra utasikia Kiga zaidi, Cape Coast Kifante. Ukiingia penye watu wamekaa, salimia kuanzia mkono wako wa kulia kuelekea kushoto, na usitumie mkono wa kushoto kupokea wala kutoa kitu. Mama yako akwambie ulizaliwa siku gani ya wiki. Wa Ijumaa ni Kofi, wa Jumamosi Kwame, wa Jumatatu Kojo, na watoto wa mtaa watakuita hivyo ndani ya wiki moja.

Pia keti na waumini wazee. Kabla mmisionari yeyote hajafika mwaka 1978, tayari kulikuwa na makusanyiko yaliyokuwa yakisubiri, mengine yakiongozwa na Joseph William Billy Johnson wa Cape Coast. Kuanzia Juni 1989 hadi Novemba 1990 serikali ililifungia Kanisa, na watu wakaabudu majumbani. Aliyepita hapo anajua mambo ya uvumilivu ambayo kijana wa miaka 19 hawezi kumfundisha. Msikilize kwanza.

Simu ya nyumbani inaruhusiwa kila wiki tangu Februari 2019. Zamani ilikuwa Krismasi na Siku ya Mama tu. Ghana iko nyuma ya Kenya na Tanzania kwa saa 3. Ukimaliza kufua na soko saa sita mchana, nyumbani ni saa tisa, mama ametoka shambani au dukani. Ukisubiri hadi jioni utawakuta wamelala. Kwa wazazi: habari ya msiba au ugonjwa mwambieni rais wa misheni kabla ya kumwambia mtoto, ili asiipokee akiwa peke yake na mwenzi wa umri wake. Na msimuulize kila wiki kama amekonda. Mwulizeni amepika nini.

Jumatatu jioni, kabla ya kutoka: mashati sita kwenye henga, kunde zimegawiwa, madumu yamejaa, simu na betri ya akiba zimechajiwa umeme ungali upo, na nauli ya kesho iko mfukoni ikiwa chenji. Makondakta wa asubuhi hawana chenji.