Nilitafuta mafuta kwenye mwani, nikaanza na rangi ya buluu

Nilipoanza nilikuwa na lengo moja tu: kupata dizeli kutoka kwenye mwani mdogo, ule usioonekana bila hadubini. Mwani huu hauna mizizi wala shina la kulisha. Ukipata mwanga na hewa ukaa ya kutosha, seli zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja.

Nilipanda klorela, aina mojawapo ya mwani huo, kwenye tangi la lita 200, pampu ya hewa ikipuliza mapovu majini usiku na mchana. Mara ya kwanza niliupoteza mwani wote. Maji yaliyokuwa ya kijani kibichi yalianza kung'aa, na baada ya siku nne nikawa naona hadi chini ya tangi. Nilipoweka tone moja chini ya hadubini nikakuta roteifa, vidudu vinavyokula mwani, wamejaa tele, kila mmoja tumbo lake la kijani.

Mara ya pili ulikubali. Hapo ndipo nilipojua ugumu uko wapi: si kuotesha, ni kuvuna. Kila lita ilikuwa na nusu gramu tu ya mwani mkavu; kilichobaki chote ni maji. Nilipandisha pH, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wa maji, kwa chokaa ili seli zishikane na kutuama, nikamwaga maji ya juu, nikakausha tope. Nikapata kama gramu 100. Mafuta yake hayakufika vijiko viwili vya chakula. Nikajaribu kuunyima naitrojeni ili uhifadhi mafuta zaidi. Kiwango cha mafuta kilipanda kweli, kijani kikafifia kuwa manjano, lakini mwani ukaacha kuongezeka. Nilichoongeza kwenye asilimia nilikipoteza kwenye uzito.

Nikarudi kusoma. Marekani iliendesha mpango wa utafiti wa mafuta ya mwani kuanzia 1978 hadi 1996, na mpaka unafungwa mafuta hayo yalikuwa bado ghali kuliko ya petroli. Wakati huohuo kuna wanaofuga mwani aina ya dunaliela kwa ajili ya beta-karotini, rangi ya machungwa, na aina ya hematokoka kwa ajili ya rangi nyekundu ya astaksanthini, na wanaendelea na kazi. Nikaamua kugeuza mpangilio: kwanza nitoe kilicho na thamani, kisha nishati itoke kwenye makapi.

Nilichagua spirulina, mwani wa kijani-buluu. Hupenda maji yenye magadi soda mengi, pH ya 9 hadi 10 hivi, na humo wavamizi wengi hawawezi kuishi. Isitoshe, umbo lake ni nyuzi ndefu zilizojikunja, kwa hiyo huvunwa kwa kuchuja kwenye kitambaa chenye matundu madogo sana. Baada ya kuhangaika na chokaa, kuona ujiuji mzito wa kijani ukibaki juu ya kitambaa kulinipa nguvu mpya.

Ujiuji huo niliugandisha, nikauyeyusha, nikaugandisha tena. Barafu hupasua seli, na ukitia maji safi, fikosianini, yaani rangi yake ya buluu, hutoka yenyewe, bila kemikali yoyote. Inua glasi uitazame kuelekea dirishani: buluu safi. Ipige mwanga kutoka ubavuni na utaona wekundu ukiwaka juu ya maji hayohayo. Sijawahi kuchoka kuitazama. Ila haivumilii joto. Niliacha chupa moja kwenye jua la mchana, nikairudia ikiwa imefifia kabisa. Sasa sipitishi nyuzi joto 40, na chupa zote nazifunika na kuziweka kwenye baridi.

Makapi yaliyobaki bado yana protini nyingi, na hilo lilinisumbua kwenye mtambo wa bayogesi. Naitrojeni ikizidi, amonia hujaa na vijidudu vinavyotengeneza gesi hudhoofika. Nilichanganya makapi na karatasi taka zilizolowekwa, zenye kaboni nyingi, na mtambo ukatulia. Gesi ya siku za mwanzo haikushika moto. Wiki ya tatu niliwasha kiberiti mdomoni mwa bomba, moto wa buluu ukasimama bila kuyumba.

Maji yanayotoka mtamboni nayapunguza makali na kuyarudisha kama mbolea, lakini kwenye tangi la klorela peke yake. Tangi la spirulina, ambalo rangi yake ni ya kuliwa, halipati hata tone.