Bonde Lilelile, Jibu Jingine

Mdogo wangu aliponipigia simu kuniambia kwamba kazi ya ushonaji imemwendea kombo, jibu nilikuwa nalo mdomoni. Miaka michache nyuma alikwama vivyo hivyo. Wakati ule niliomba, nikapata amani ya kumsaidia, nikamnunulia cherehani na vitambaa vya kuanzia, na kweli alisimama. Akapata wateja, akaoa. Sasa kulikuwa na nini tena cha kufikiria? Pesa ninayo, njia naijua, na Mungu aliibariki. Nimtumie tu.

Mume wangu akaniuliza, "Umemwuliza Mungu, au unakumbuka alichokujibu mara ile?"

Swali hilo lilinikosesha usingizi. Nikafungua 2 Samweli sura ya 5. Wafilisti wanajitandaza katika bonde la Warefai, Daudi anamwuliza Bwana, anaambiwa apande, anapanda, anashinda. Kisha Wafilisti wanarudi. Adui ni yuleyule, bonde ni lilelile, na Daudi ana ushindi mbichi mkononi. Mtu wa vita mwenye uzoefu wake angeweza kupanda tena bila kuuliza, na nani angemlaumu? Lakini aliuliza upya, na safari hii akaambiwa, "Usipande, zunguka nyuma yao." Mimi hapo ndipo ninapompenda Daudi kuliko hata pale alipomwangusha Goliathi.

Niliomba. Sikusikia sauti yoyote, nisije nikasema uongo. Ila yale maneno ya kuzunguka nyuma hayakuniachia. Nikayapima na Yakobo 3:17, maana moyo nao una ujanja wake: hekima itokayo juu ni safi, ni ya amani, ya upole, tayari kusikiliza maneno ya watu. Kusikiliza. Mdogo wangu alikuwa ameniambia anataka kiasi gani, yaliyomsibu hakuyagusa. Asubuhi nikafunga safari bila kutuma chochote.

Nilimkuta peke yake kwenye chumba chake cha kazi. Pasi ilikuwa baridi, mkasi umetundikwa ukutani, na cherehani imefunikwa kwa kile kifuniko cha kitambaa cha maua alichokishona mwenyewe. Niliweka mkono juu yake ili niegemee, kifuniko kikabonyea. Chini yake palikuwa na boksi tupu.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Kisha akakaa kwenye stuli, akatoa daftari chini ya rundo la vitambaa, akanipa. Alikuwa ameiweka cherehani rehani kwa mkopeshaji wa mtaani, riba ikapanda, akakopa kwa mwingine ili amlipe wa kwanza. Boksi lile lilikuwa kwa ajili ya mkewe, asijue. Mtu amekaa miezi akifunika boksi kila jioni kama anafunika kazi! Nilimshika mkono, tukalia wote wawili, kisha tukaomba pale pale. Sala yenyewe ilikuwa fupi, kwa sababu yeye hakuweza kuimaliza.

Jioni ile alimweleza mkewe mwenyewe, mimi nikiwa nje na mtoto. Siku zilizofuata tulikwenda pamoja kwa wale waliokuwa wakimdai. Mmoja alikuwa mgumu, maneno yake makali, lakini yule mwenye cherehani alikubali kuirudisha ili deni lilipwe kidogo kidogo kutokana na kazi. Nililipa sehemu ya kwanza mbele yao wote, na mkewe ndiye aliyekaa na daftari tangu siku hiyo.

Deni lilipokwisha alinipigia simu. Alinishukuru kwa kumsindikiza kwa watu wale, kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Dada, ungenitumia zile pesa siku ile, ningezipokea, ningekushukuru, na lile boksi lingekaa palepale."