Kushoto minane, kulia saba

Jana nimepeleka Raum gereji kubadilisha bushi, kijana akachungulia chini akasema mzee hii ukiiacha hivi matuta yataimaliza, tuweke spesa juu ya shokapu inyanyuke hata inchi moja. Mi nlikua nshaacha kumsikiliza. Pembeni walikua wamemwagia dizeli nati yenye kutu ili ilegee, na ile harufu ikanirudisha moja kwa moja Ifakara, 2003, uvunguni mwa Hiace ya mzee wangu, tochi mdomoni.

Mlango wake ulikua wa kufunga na kamba. Masika yale barabara ya Mlimba malori ya mpunga yalikua yameilima mifereji miwili, katikati kumebaki mgongo, sisi tukipita unatukwangua tumbo lote. Ekzosi iling'oka mara mbili wiki moja, zote Mngeta. Abiria wakaanza kwenda kusubiri treni ya TAZARA, hapo ndo mzee akasema basi, inyanyuliwe, mjomba akaitwa.

Hiace zile mbele hazina springi za kuzunguka, kuna vyuma viwili virefu vimelala chini ya sakafu, kila upande kimoja, gari likishuka vinajisokota. Mwisho wa kila chuma kuna boliti na nati mbili, ya kukazia na ya kulokia. Ukikaza, pua ya gari inapanda. Hununui kitu, na mzee alichopenda ni hapo tu.

Mjomba akapiga jeki gurudumu likaning'inia, akachomeka bomba la maji kwenye mpini wa spana, akaniambia we kazi yako moja, hesabu mizunguko. Kushoto minane. Nilihesabu vizuri kabisa, kwa sauti, kila mzunguko nati inalia kwiii na unga wa kutu unanidondokea machoni. Tukahamia kulia. Giza limeingia, mbu wa Ifakara hawana adabu, nikijipiga shingoni tochi inacheza. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Tochi ikanichomoka ikabingirikia kwenye tope, naipapasa huku nasikia kwiii, halafu kama kwiii nyingine, au ni ile ile moja bado haijaisha, sijui.

"Ngapi?"

Alikua amechoka, jasho linamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Saba," nikasema.

Akaongeza mmoja, akaloki nati, akashusha jeki, akalitikisa gari likae, akapima kwa vidole kati ya tairi na madigadi. Vinne huku, vinne kule. Sasa uwanja wenyewe umelala upande wa choo, na vidole vya mjomba si rula.

Nyuma iliongezwa bapa moja kwenye springi siku ya pili, kwa fundi mwingine.

Mgongo hatukuugusa tena, hilo niseme ukweli. Ila taa zikawa zinamulika viota vya ndege na kila lori linatupigia full. Gari likawa linagonga kwenye mashimo, watu wakasema vyuma vimekua vigumu, wakati vyuma ni vilevile, gurudumu tu halina tena nafasi ya kushuka. Alaimenti, yaani kuyapanga matairi yakae sawa, hakuna aliyeikumbuka, matairi ya mbele yakalika upande yakaisha kabla ya kiangazi. Na Hiace ikawa inalalia kulia, kidogo tu, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Kondakta akasema ni kitambi cha dereva. Dereva ni mzee.

Mzee hakulaumu kitambi. Mpaka leo kila msiba na kila harusi anasimulia shemeji yake alivyompindishia gari, na mjomba anacheka tu. Mwaka juzi katikati ya hiyo stori mjomba akanigeukia, pole pole, mkono bado kwenye sahani:

"Anko, kule kulia ilikua ngapi vile?"

"Saba."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kula. Sijui alikua anajua, sijui alikua anauliza tu.

Spesa nimeweka. Hazina mizunguko ya kuhesabu, zinaingia zilivyo, ila nlisimama palepale mpaka kijana akamaliza, halafu nikapima pande zote mbili kwa rula ya mwanangu, kijana ananishangaa.