Nahodha na simu ya tajiri

Jumanne iliyopita tulikwama Mkanda saa tano nzima.

Kwa asiyeijua Lamu: Mkanda ni mlango mwembamba baina ya kisiwa cha Manda na bara, na ndiyo njia ya vyombo vinavyotoka Faza, Siyu, Pate na Kizingitini. Maji yakijaa unapita huku unapiga soga. Yakipwa, katikati panabaki tope na mizizi ya mikoko, na chombo kilichochelewa hukaa hapo mpaka maji yarudi.

Nahodha wetu, kijana wa Tchundwa ambaye marehemu babake alikuwa rafiki yangu, aliyatazama maji alfajiri akasema, "Ami, tukitoka sasa twapita." Akawasha injini. Simu ikalia. Tajiri wa boti yuko Lamu mjini, ameambiwa na mtu wake kuna magunia manne ya mbata yanakuja kwa punda, basi chombo kingoje. Yule kijana aliitazama simu, akatazama alama ya maji kwenye nguzo ya gati, akazima injini. Tulingoja dakika arobaini. Tulipofika Mkanda maji yalikuwa ya magoti.

Mle botini alikuwamo mama mwenye mtoto wa homa anayepelekwa hospitali. Alikuwa akichovya ncha ya leso ndani ya chupa ya maji na kumpangusa mtoto paji la uso, tena na tena, mpaka chupa ikaisha na sisi tukampa za kwetu. Mzee mmoja akashindwa kuvumilia, akamgeukia nahodha: "Nahodha gani wewe usiyejua maji?" Kijana hakujibu neno. Aliyajua maji kuliko sisi sote tuliokuwamo.

Nilikuwa nimeketi juu ya magunia yale ya mbata, na jibu la kumtetea lilinijaa kifuani, lakini lingekuwa refu mno kwa mahali pale. Naliandika hapa.

Mwaka 2001 nilikuwa koplo wa mawasiliano katika batalioni ya Kenya nchini Sierra Leone, chini ya UNAMSIL, misheni ya Umoja wa Mataifa ya kulinda amani huko. Mwaka huo Baraza la Usalama liliruhusu askari wa misheni hiyo wafike 17,500, na hapakuwa na misheni nyingine ya Umoja wa Mataifa kubwa kama hiyo duniani wakati ule. Kazi yangu ilikuwa redio. Meza ya mbao, taa moja inayopumua na jenereta, daftari la kumbukumbu, penseli iliyofungwa kwa uzi isipotee, na vipokea sauti ambavyo sponji yake ilikuwa imelowa jasho la watu watatu waliopokezana zamu.

Usiku mmoja askari wetu alishikwa na malaria ya kichwani. Alikuwa akipiga kelele akimwita dadake, kisha akanyamaza, na kunyamaza kule kulitutisha zaidi. Dawa tuliyokuwa nayo haikumfaa. Kikosi cha nchi nyingine, ambayo sitaitaja, kilikuwa na daktari na gari la wagonjwa mwendo wa chini ya saa moja kutoka kwetu. Niliita saa nne na dakika kumi usiku. Mwenzangu wa upande wa pili alijibu mara moja, sauti yake ya upole, tulishazoeana. Akasema: ngoja. Nikaandika. Saa nne na nusu: ngoja. Saa tano kasorobo: ngoja. Afisa wangu alisimama nyuma ya kiti changu amekunja mikono. Mwishowe mwenzangu yule aliniambia kwa sauti ya chini, kama anayetoa siri ya nyumbani kwao, kwamba kamanda wake anataka kuja, gari liko tayari, lakini kwao wameagizwa wasitoke usiku bila idhini, na anayetoa idhini yuko mji mkuu wao, ng'ambo ya bahari, na huko sasa ni alfajiri.

Gari lilifika saa kumi na mbili asubuhi. Askari wetu alipona, alhamdulillahi. Ila kwenye daftari lile kulikuwa na neno "ngoja" mara kumi na moja kwa mwandiko wangu, na sijapata kulisahau.

Watu wengi hudhani jenerali wa misheni akiamuru, askari wote wa kofia za buluu wanakwenda. Haiko hivyo, na haijawahi kuwa hivyo. Nchi inamkabidhi askari wake kwa kazi maalumu, lakini nidhamu, mshahara, kupanda cheo na safari ya kurudi nyumbani vyote vinabaki mikononi mwa nchi yenyewe. Kila kikosi kinakuja na masharti yake: hawa hawatoki usiku, hawa hawavuki mto fulani, hawa wanalinda tu na hawashambulii. Kamanda wa batalioni ana wakubwa wawili, na anajua vizuri ni yupi kati yao atakayempandisha cheo.

Marehemu babangu aliongoza jahazi la boriti baina ya Lamu na Mombasa. Akishatweka tanga, tajiri wake hakuwa na namna ya kumfikia mpaka atie nanga Bandari ya Kale. Tajiri alichagua nahodha kwa uangalifu, akamwachia chombo, akaenda kuomba dua. Makosa ya safari yalikuwa ya nahodha, na uamuzi wa safari pia ulikuwa wake. Methali yetu ya nahodha wengi na chombo kwenda mrama inajulikana na kila mtoto, lakini mimi naona ya siku hizi ni nyingine. Nahodha ni mmoja, jina lake limeandikwa, ila kila baharia ana tajiri wake pwani na simu mkononi.

Wenzangu waliotangulia Sierra Leone walinisimulia Mei 2000, waasi wa RUF walipowazingira Wakenya kule Makeni na Magburaka. Batalioni ya Zambia ilitumwa kuwaokoa, nayo ikatekwa njiani, mamia ya watu. Kwa jumla askari kama 500 wa Umoja wa Mataifa walishikwa. Na wakati ule, juu kabisa, wakubwa wenyewe walikuwa hawasikilizani. Kamanda wa misheni, Meja Jenerali Vijay Jetley wa India, aliandika waraka wa kuwalaumu maafisa wa Nigeria, waraka ukavuja, na kabla mwaka haujaisha India ikatangaza kuwa inaondoa askari wake. Aliyekuja kushika nafasi yake Novemba 2000 alikuwa Mkenya, Luteni Jenerali Daniel Opande. Mpaka Januari 2002 vita vilitangazwa kwisha. Ninamtaja kwa fahari na sioni haya. Alipokea vikosi visivyoaminiana na akaviunganisha vikafanya kazi.

Lakini Mkenya mwingine hakupata bahati ile, na habari yake iliniuma. Julai 2016 vita vilizuka Juba, Sudan Kusini, kwa siku chache. Ndani ya kambi ya Umoja wa Mataifa mlikuwa na vikosi vya China, Ethiopia, Nepal na India. Mwendo wa kilomita moja hivi kutoka hapo kulikuwa na nyumba za Terrain, walikoishi wafanyakazi wa misaada. Askari wa serikali ya Sudan Kusini waliingia, wakaua mwandishi wa habari, wakabaka. Waliokuwa ndani walipiga simu kuomba msaada. Kila kikosi kilichoombwa kitoke kilikataa. Uchunguzi ulioongozwa na jenerali mstaafu wa Uholanzi, Patrick Cammaert, ulisema hapakuwa na uongozi mmoja, na vikosi vile vinne vilipokea amri nyingi, nyingine zikipingana. Tarehe 1 Novemba kamanda wa misheni, yule Mkenya, Luteni Jenerali Johnson Ondieki, alifutwa kazi. Hakuwa amemaliza hata miezi sita. Kenya ilikasirika na kuondoa askari wake zaidi ya 1,000.

Nimebishana sana juu ya hili na wastaafu wenzangu pale Mkunguni. Wao wanasema alitolewa kafara. Mimi nakubali nusu. Kamanda anawajibika. Wanawake wale wa Terrain walistahili mtu wa kuwajibika, na chombo kikizama hatumuulizi tajiri kwanza. Kinachonikera ni kwamba aliyefutwa ni mmoja tu. Waliokataa kutoka hawakutajwa hata majina. Nani aliwaambia wasitoke? Sauti ipi, kutoka mji gani? Mimi nimekaa kwenye meza ya redio, najua sauti hiyo ilikuwapo.

Kwa Somalia, sisi wa Lamu hatuhitaji kusimuliwa. Septemba 2011 mtalii Mwingereza aliuawa Kiwayu na mkewe akachukuliwa. Tarehe 1 Oktoba mwanamke Mfaransa akachukuliwa Manda, ng'ambo tu ya Shela, akafia mikononi mwa watekaji. Katikati ya mwezi majeshi yetu yakavuka mpaka. Wavuvi wetu wakakatazwa bahari ya usiku, na nyumba nyingi za Kizingitini zililala njaa kwa amri ile. Mwanzoni operesheni ile, Linda Nchi, ilikuwa vita vya Kenya, tajiri mmoja na nahodha mmoja. Kisha mwaka 2012 tukaingia AMISOM, misheni ya Umoja wa Afrika, na Somalia ikawa kama shamba la urithi: Uganda upande wake, Burundi wake, Kenya wake, Djibouti wake, baadaye Ethiopia. Kila mrithi akajenga ua. Kamanda wa misheni aliketi Mogadishu bila helikopta za kumtosha. Zile za Uganda zilizokuwa zikienda kumsaidia, tatu zilianguka Mlima Kenya Agosti 2012. Mshahara wa nyongeza wa askari, dola 1,028 kwa mwezi, ulitoka Umoja wa Ulaya, na mwaka 2016 Ulaya ikapunguza asilimia 20 ya fedha zake. Hata tajiri naye alikuwa na tajiri wake.

Juni 2015 kambi ya Warundi ilivamiwa na Al-Shabaab huko Leego, Somalia. Septemba, ya Waganda, Janaale. Januari 15, 2016, yetu, El Adde. Namna ilikuwa ileile: alfajiri, gari la mabomu, kisha wapiganaji wengi kwa pamoja. Mimi nasema, na nitalisema popote, kwamba onyo la Leego lilipaswa kuwa juu ya meza ya kila kamanda wa kituo wiki ileile, awe Mkenya, Mganda au Mhabeshi. Uvamizi wa kwanza unaweza kukushtua. Wa tatu unaofanana na wa kwanza unaonyesha kuwa nyua hazisemeshani.

Idadi ya waliokufa El Adde serikali yetu haikuitangaza. Mwana wa dadangu alikuwa Dhobley, huko huko Somalia, wakati huo. Siku tatu dadangu aliifunga simu kwenye pindo la leso, akiswali nayo, akipika nayo. Kila ilipolia aliitoa kwa mikono miwili kama kitu cha moto. Siku ya pili aliniuliza, "Kaka, wewe ulikuwa jeshini. Mkubwa wake huko ni nani?" Nikaanza kumweleza: kuna kamanda wa kambi, na wa sekta, na wa misheni aliye Mogadishu, na Nairobi, na Addis Ababa. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akaniuliza tena swali lilelile.

Mtoto alipiga simu siku ya tatu, baada ya Isha. Alikuwa mzima. Alisema maneno machache na kutaka kujua kama mvua imenyesha.

Nilidhani baada ya hapo mambo yangebadilika. Aprili 2023 nilimwona Meja Jenerali Jeff Nyagah akiacha ukamanda wa kikosi cha Afrika Mashariki kule Goma, akilalamikia usalama wake. Kongo ilitaka kikosi kipigane na waasi wa M23, nchi zilizotoa askari zilitaka kikae katikati. Mwanamume amepewa usukani na ramani mbili. Hata hapa mlangoni kwetu, tarehe 5 Januari 2020, tuliamka na kuona moshi mweusi upande wa Manda Bay. Kambi ni ya Kenya, Wamarekani wana sehemu yao ndani, na Wamarekani watatu waliuawa Al-Shabaab walipoivamia. Uchunguzi wao wenyewe, uliotolewa 2022, ulikiri kwamba ulinzi ulilegea na hatari haikufahamika ipasavyo.

Maji yalirudi Mkanda saa nane mchana. Nahodha alishuka, akasukuma pamoja na vijana, tope mpaka kiunoni. Tulipofika Lamu tajiri alikuwa gatini, na la kwanza alilouliza ni kama mbata imelowa. Mama yule alikuwa keshapanda ngazi za gati na mtoto wake. Nimeulizia, mtoto anaendelea vizuri.

Jana jioni mpwa wangu alikuja kuniaga. Ni sajini sasa. Anarudi Somalia, misheni ni ileile kwa jina la tatu: ilikuwa AMISOM, 2022 ikawa ATMIS, tangu Januari 2025 ni AUSSOM. Dadangu alituletea kahawa na kaimati, akaketi mkekani, akamwambia mwanawe amwandikie majina ya wakubwa wake wote kwenye karatasi. Mpwa wangu akaandika vyeo vitano, kimoja chini ya kingine, akampa. Dadangu akaisoma karatasi, akainyoosha juu ya goti.

"Na ukiita usiku," akamuuliza, "ni yupi kati ya hawa atakayeamka?"

Mpwa wangu alinitazama mimi.