Siku moja na miko yangu minne

Saa 11 na robo alfajiri, kabla sijanywa chai, nafungua begi na kupitisha kidole kwenye ukingo wa kila mwiko ninaopakia jipsamu ukutani. Punje moja ya jipsamu kavu ikibaki pale, ndogo kama chumvi, itachora mstari ukutani kutwa nzima na nitabaki kulaumu unga wa jipsamu. Ninayo minne: bapa wa inchi 14, uliopinda wa inchi 14, mdogo wa inchi 11 wa dari, na wa kona ya ndani. Yote ni ya chuma kisichoshika kutu. Zamani nilinunua wa bei poa Kariakoo; baada ya wiki mbili ulipata kutu, na madoa yake yakajitokeza juu ya rangi nyeupe ya mteja. Nilirudia ukuta ule kwa gharama yangu.

Saa 1 na nusu niko Goba. Mwenye nyumba anadeki kibarazani.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Leo sebule inaisha?”

“Viungo vya bodi na skimu ya kwanza, lile tabaka jembamba la jipsamu la ukuta mzima, mama. Fundi rangi asubiri kwanza, ukuta ukauke.”

Saa 2 tunachanganya. Maji yanatangulia kwenye ndoo, unga unafuata. Nachanganya robo ndoo tu, maana jipsamu haimsubiri mtu: ukigusa ndoo ukaona imepata joto, ujue inashika. Ukiiongezea maji hapo umeiua, itakuja kumong'onyoka.

Bodi zetu za jipsamu ni za futi 4 kwa 8. Kingo ndefu zimebonyea kidogo, tepu ya nyavu inakaa humo vizuri na mwiko bapa unatosha. Kazi iko pale zinapokutana kingo fupi, hazina bonde. Hapo natoa mwiko uliopinda. Mpindo wake haufiki hata milimita 5, mpaka uulaze kwenye kioo ndipo uone mwanga ukipita chini ya tumbo. Nikiuvuta juu ya kiungo, jipsamu inabaki nene kidogo katikati kufunika tepu, halafu inakwisha pande zote mbili bila ngazi. Natandaza kwa upana, hata futi nzima kila upande. Ukibana kiungo kwa wembamba, kitaonekana kama mshipa kila taa ikiwaka.

Saa 4 kijana wangu ananiita: “Kaka, mbona ukuta unapiga mawimbi?” Natazama mkono wake, kashika ule uliopinda na anapiga nao skimu. Tunakwangua haraka kabla haijashika. Nampa bapa, nashika mkono wake tuvute pamoja: mwanzoni mwiko umeinuka, unavyosonga unaulaza, na uzito unauweka kwenye ukingo wa nyuma. Mara ya tano sauti inabadilika, ule mkwaruzo unageuka mluzi mwembamba. Mkono wake umeanza kuelewa. Nimefurahi sana.

Saa 7, wali maharage na dagaa kwa mama ntilie.

Saa 8 tunapanda dari ya varanda, mama anataka ya mapambo. Mchanganyo nautengeneza kama uji mzito na kutia mchanga mwembamba uliochekechwa. Mwiko mdogo naulaza karibu ubapa wote na kuuvuta kwa wepesi, unarukaruka na kuacha visiwa visiwa. Kila mvuto nabadilisha upande, maana ukifuata njia moja dari itafanana na shamba lililolimwa kwa trekta. Mapambo haya yanaficha bodi ambazo hazikukaa sawa. Jikoni, hata hivyo, huwa nakataa kuyaweka: moshi na mafuta vinanasa kwenye vile visiwa na hakuna kitambaa kitakachovitoa.

Saa 10 na nusu jua linaingia sebuleni kwa ubavu. Hii ndiyo saa yangu ya ukaguzi, mwanga huu haufichi kitu. Nazungushia kila kovu kwa penseli: kumi na mawili, saba kati yake karibu na dirisha. Namwonyesha mama, naye anauliza kama ni mengi. Namwambia kwa skimu ya kwanza ni ya kawaida, kesho yatapata ya pili, kisha msasa.

Saa 12 jioni tunaosha miko kwa maji na brashi na kuikausha kwa kitambaa. Ule bapa kijana ameukausha mwenyewe, akapitisha kidole ukingoni, akaurudisha kwenye maji.