Gitaa lililoambiwa shingo imekufa

Gitaa langu nililinunua hapa Dar es Salaam kwa mpiga solo ambaye bendi yake ilikuwa imevunjika. Ni nakala ya Stratocaster, gitaa la umeme la Fender: pikapu tatu za kunasa sauti ya nyuzi, na daraja, pale nyuzi zinapofungwa mwilini, lenye springi mgongoni. Mikononi mwake lilikuwa linalia vizuri, nilikuwepo nikasikia. Kwangu halikumaliza wiki mbili, likaanza kukwaruza.

Mkwaruzo wenyewe ulikuwa hivi. Nyuzi nene, wa 4 hadi wa 6, ukizikamata kuanzia freti (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) ya 1 mpaka ya 4 zinavuma kama nzi aliyefungiwa kwenye kopo. Ukipanda hadi freti ya 9 na kuendelea, sauti safi kabisa. Naeleza hili kwa urefu kwa sababu jibu lote lilikuwa humo, nami sikujua kulisoma.

Nikalipeleka kwa fundi. Yeye alipandisha nyuzi darajani. Mkwaruzo ulipungua kidogo, lakini nyuzi zikawa juu kiasi kwamba baada ya nyimbo tatu vidole vinawaka moto. Fundi wa pili akatoa tupa na kuchimba nati, kile kipande cheupe kinachozitenga nyuzi pale shingo inapokutana na kichwa. Sasa uzi wa 3 ukawa unakwaruza hata ukipigwa mtupu. Mwisho akaniambia shingo imekufa, nitafute nyingine.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja mpiga besi, mtu aliyepiga dansi tangu mimi sijazaliwa. Hakuligusa gitaa. Aliuliza tu:

“Mwanangu, ulibadilisha nini ulipolinunua?”

“Hakuna mzee, nyuzi tu.”

“Ulitoa namba ngapi, ukaweka namba ngapi?”

Nilikuwa nimetoa seti ya 11 na kuweka ya 9, ambayo ni nyembamba zaidi, kwa sababu nilitaka nyuzi laini za kuvuta.

Ndani ya shingo kuna chuma kirefu. Nyuzi zinaivuta shingo ijikunje kwa mbele, na chuma kile kinaivuta irudi nyuma. Seti ya 9 kwenye gitaa la urefu huu inavuta kama kilo 38. Seti ya 11 inavuka kilo 50. Nilipopunguza mvuto wa nyuzi bila kugusa chuma, chuma kikashinda na shingo ikabinukia nyuma. Shingo iliyobinuka hivyo hukwaruza kwenye freti za mwanzo. Ingekuwa mkwaruzo uko katikati ya shingo na kuendelea juu, ningeshuku nyuzi ziko chini mno darajani, au freti moja imeinuka. Kwa hiyo kabla hujamruhusu mtu yeyote ashike tupa, tafuta kwanza mkwaruzo uko freti zipi. Tupa ikishakula chuma au mfupa, hakirudi.

Kupima shingo hakuhitaji kifaa cha kununua. Tyuni gitaa kwanza, maana shingo hupimwa ikiwa imebeba mvuto wake kamili. Kamata uzi wa 6 kwenye freti ya 1 na kwenye freti ya mwisho kwa wakati mmoja; hapo uzi wenyewe umekuwa rula. Angalia mwanya kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Mimi natumia kipande kilichobaki cha uzi wa kwanza namba 10, ambacho unene wake ni milimita 0.25, na huo ndio mwanya ninaoutaka. Kikipita kwa kugusa kidogo bila kuusukuma uzi, shingo iko sawa. Kwangu hakikupita hata kidogo. Uzi ulikuwa umelala juu ya freti.

Nikaingiza alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 4 kwenye tundu la kichwani na kulegeza kile chuma cha shingo, yaani kuzungusha kinyume cha saa, robo ya mzunguko. Nikatyuni upya, nikaliacha hadi asubuhi. Mbao haina haraka, na mtu anayezungusha mzunguko mzima kwa papara anaweza kuvunja chuma au kuharibu meno ya skrubu yake, na hapo kweli shingo itakuwa imekufa. Asubuhi nikaongeza nusu ya robo. Kipande changu kikapita. Mkwaruzo wa freti za mwanzo ukaondoka wote, na sikuwa nimetumia hata shilingi.

Ndipo nikashusha nyuzi zile zilizopandishwa bure. Kwenye freti ya 12 niliweka kimo cha milimita 1.6 kati ya freti na uzi wa kwanza, na 2 kwa wa sita. Ninapopiga rithim kwa nguvu kumbini naona 2 inafaa; anayepiga solo tupu anaweza kushuka zaidi.

Uzi wa 3 ulibaki na jeraha la tupa. Kamata uzi kati ya freti ya 2 na ya 3, kisha angalia juu ya freti ya 1: lazima pabaki mwanya mwembamba kama unywele. Kwangu uzi uligusa freti. Nilichukua mfupa wa ng'ombe uliochemshwa na kukauka, nikausaga kwa msasa nikapata unga, nikaujaza kwenye mfereji ule na kudondoshea tone la supagluu. Ulipokuwa mgumu nikachonga mfereji upya, polepole, nikipima kila baada ya mapito mawili matatu. Nilitumia jioni nzima kwa uzi mmoja.

Daraja nililifunga lisicheze. Muziki wetu wa dansi hautumii ule mkono wa kutikisa sauti, na daraja linaloelea lina hasara kubwa: uzi mmoja ukikatika, springi zinalivuta daraja na nyuzi tano zilizobaki zinapanda sauti zote. Nikafungua kifuniko cha nyuma, nikaweka springi zote tano, nikakaza skrubu mbili zinazozishikilia mpaka daraja likalala juu ya mwili wa gitaa. Kisha nikachonga kipande cha mninga na kukibana kati ya pande la chuma la daraja na ukuta wa tundu, upande wa mkia.

Baada ya hapo tu ndipo nilipanga urefu wa nyuzi, na mpangilio huu una sababu, kwani kila ulichogusa nyuma kinabadilisha hiki. Urefu wa nyuzi kwenye Stratocaster ni milimita 648, hivyo kutoka nati hadi freti ya 12 ni 324. Niliweka sadeli ya uzi wa kwanza, kile kipande cha darajani kinachoubeba, umbali huohuo kutoka freti ya 12, halafu nikaacha programu ya kutyuni kwenye simu iamue. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza utoe ule mlio wa kengele, kisha ukamate palepale na kuupiga. Noti iliyokamatwa ikiwa juu kuliko kengele, rudisha sadeli nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, isogeze mbele. Fanya hivi kwa nyuzi mpya. Uzi uliokula jasho na chumvi ya pwani haukubali kukaa sawa hata ukisogeza sadeli kutwa.

Mkwaruzo wa kitufe cha sauti uliisha kwa dawa ya kupulizia ya mafundi redio. Muungurumo wa kwenye amplifaya ulitaka kazi zaidi: waya unaounganisha daraja na ethi (njia ya umeme kwenda ardhini) ulikuwa umekatika, nikaulehemu. Dalili yake ni kwamba ukishika nyuzi muungurumo haupungui.

Na hapa naomba unisikilize vizuri. Waya huo unaziunganisha nyuzi na amplifaya, na mkono wako uko kwenye nyuzi. Amplifaya ikichomekwa kwenye soketi isiyo na ethi, kama nilivyokuta kumbi kadhaa, unaweza kupigwa shoti ya umeme wa volti 230 mdomo ukigusa maiki. Usikate ile pini ya tatu ya plagi ili ungurumo upungue. Kabla ya kuimba, gusisha nyuzi za gitaa kwenye wavu wa maiki. Ukiona cheche, zima kila kitu na umwite fundi umeme.

Mwezi uliofuata tulipiga kwenye harusi, na saa saba za usiku uzi wa 3 ukakatika katikati ya chemko, ile sehemu ya kasi ya wimbo. Tano zilizobaki hazikutikisika. Nilimaliza wimbo kwa kuhamishia mistari yangu kwenye uzi wa 2 na wa 4, na waliokuwa wakicheza hawakugundua.

Nyuma ya kifuniko cha springi nimebandika karatasi: nyuzi 9 hadi 42, mwanya 0.25, kimo 1.6 na 2, pamoja na tarehe. Masika ilipoingia mbao ikanywa unyevu na mwanya ukabadilika; nilifungua kifuniko, nikasoma, nikarudisha kwa nusu ya robo ya mzunguko, nikaandika tarehe mpya chini ya ile ya kwanza.